Saa za Misri Kwenye Duka la Baba Mdogo

Fridolini na Bahati, na mtoto mwingine yeyote wa ukoo huu atakayekalishwa kwenye kile kiti cha plastiki chenye ufa, someni hapa kabla hamjagusa kitu. Kuanzia wiki hii mimi ni mstaafu. Mama amesema mwanafunzi wa kidato cha nne hana kazi nyingine duniani zaidi ya kusoma, na baba yenu, yaani baba mdogo Osmundi mwenye duka, hakubisha. Wastaafu wengine wanaagwa kwa mabati, wanapigwa picha ya pamoja, mtu analia kidogo. Mimi nilipewa ufagio na baba mdogo, akasema nifagie mara ya mwisho.

Sina kinyongo. Nina uchovu.

Watu wakisikia nilikuwa dukani tangu kidato cha kwanza, kila nikitoka shule na likizo zote, wanadhani kazi yangu ilikuwa kuchapa barua, kutoa fotokopi na kuwaombea watu nafasi za vyuo mtandaoni. Hizo nilifanya, ndiyo. Lakini kazi iliyonilia ujana wangu ni kurekebisha saa. Siyo za ukutani. Zile ndogo zinazokaa kwenye kona ya chini ya kompyuta, ambazo mteja haziangalii mpaka siku zimekosea, na zikikosea anakuangalia wewe.

Ngoja niwaeleze, maana najua Bahati ameshaanza kupiga miayo. Sisi huku hatuchezei saa. Saa moja ya asubuhi Januari ni saa moja ya asubuhi Julai, hata kama Julai ya Songea inakutoa kitandani na blanketi mabegani. Ila zipo nchi ambazo majira ya joto yakikaribia, serikali inawaambia wananchi wote wasogeze saa zao mbele kwa saa moja. Baridi ikikaribia, wanarudisha nyuma. Nchi nzima! Na wala hawatulii na walichoamua. Ujerumani wanafanya kila mwaka. Misri waliwahi kuacha, tukapumzika, kisha wakaamua kurudia. Kila nchi ikibadili mawazo, kompyuta zote duniani lazima zipate apdeti ya kuziambia kanuni mpya. Isiyopata apdeti inabaki na kanuni za zamani, kama mtu wa kijijini asiyejua kwamba hela zimebadilishwa.

Mtasema, sasa Misri na Songea wapi na wapi? Hata mimi nilisema hivyo.

Kompyuta inapoanza kazi inakuuliza uko wapi, ili ijue saa zako. Inakupa majina ya miji, uchague. Dar es Salaam haimo. Dodoma haimo. Songea msiulize. Mji wa karibu wenye saa kama zetu ni Nairobi, na mtu wa kawaida anachagua Nairobi, anaendelea na maisha yake. Baba yenu si mtu wa kawaida.

"Nairobi nifuate nini?" aliniambia wiki yangu ya kwanza kazini. "Mimi ni Mtanzania."

"Baba mdogo, ni saa tu."

"Leo saa. Kesho watasema mlima Kilimanjaro ni wao."

"Wameshasema, baba mdogo."

"Unaona!"

Akachagua Kairo. Nilipouliza kwa nini, alinipa sababu kana kwamba alikuwa ameziandaa tangu kipaimara. Kwanza, mto Nile unatoka kwetu, maji yetu yanakwenda Misri, kwa hiyo saa zao zije huku, ndiyo ujirani. Pili, Familia Takatifu ilipotafutwa na Herode ilikimbilia Misri. "Nairobi alikimbilia nani?" Nikakubali. Nilikuwa kidato cha kwanza.

Wakati ule Misri walikuwa bado hawajarudia kuchezea saa. Saa zao zilikuwa nyuma yetu kwa saa moja mwaka mzima. Baba mdogo akazisukuma mashine zote mbele kwa mkono, zikaonyesha saa ya Songea, na kwa kuwa intaneti ilikuwa kila mara inazirudisha kwenye saa ya Misri, akazima kule kujirekebisha kwenyewe. Alisema intaneti inampinga ndani ya duka lake.

Kisha Misri wakarudia. Apdeti ikaja. Na hapo, wadogo zangu, ndipo nilipoanza kuota mvi.

Kwa sababu haikuja kwa mashine zote. Mnamjua baba yenu na bando. Mashine zilizo karibu na dirisha zilipata apdeti siku moja alipokwenda mazishini Hanga akasahau kuzima mtandao. Zile za ukutani hazikupata. Aprili ikafika, mashine za dirishani zikaruka mbele saa nzima, za ukutani zikabaki. Mteja akihama kiti anahama na nchi. Kuna mzee mmoja mkulima wa tumbaku kutoka Lusewa, alikuja kuchapa barua ya kikundi chao, akaanzia dirishani, umeme wa pale ukaleta shida, nikamhamishia ukutani. Akatazama kona ya kioo, akakumbuka saa aliyoisoma dirishani, akaniita.

"Kijana. Nimekaa hapa muda gani?"

"Kama nusu saa, mzee."

"Mbona mashine inasema bado sijafika?"

Nilicheka mpaka nikapigwa jicho. Baba mdogo akaja, akazirudisha zile za dirishani kwa mkono. Oktoba zikarudi nyuma zenyewe, akazisukuma kwa mkono. Aprili tena. Oktoba tena. Mimi namwambia tubadilishe jina la mji, yeye ananiambia mashine za mtumba zina uchovu wa safari.

Na msidhani shida ilikuwa yeye peke yake. Mama yenu, nampenda sana, ila naye. Asubuhi moja alishika duka peke yake. Akaona kompyuta imeandika nane na sifuri sifuri. Akatazama nje, akaona watoto wanaingia madarasani, wauza vitumbua wanamaliza. Saa mbili. Akasema, mashine hii imepotea, akairudisha nyuma mpaka ikaandika mbili. Kwa usahihi kabisa! Saa mbili asubuhi, kama Mwenyezi Mungu alivyopanga. Kompyuta ikaamini ni saa nane ya usiku.

Nilipofika mchana nikakuta foleni na mama mdogo amejifunga kanga kiunoni kama anayetaka kupigana.

"Hii mashine yenu," akasema, "nimeisahihisha, na bado ina kiburi."

"Mama mdogo, umesahihisha nini?"

"Saa. Ilikuwa inasoma Kizungu."

"Mama mdogo, kompyuta zote zinasoma Kizungu."

"Ndiyo maana nimeifundisha."

Binti mmoja alikuwa ametuma barua ya kuomba kazi ya ualimu kwenye mashine ile, na barua ikaonekana imetumwa saa tisa za usiku. Mwenye shule, tukasikia baadaye, alimwuliza kama ana matatizo ya usingizi.

Basi shikeni haya, mambo ya kazi, nisije nikasema sana nikasahau. Saa ikikosea, usiguse namba. Angalia kwanza imechagua mji gani. Mtu anayesukuma namba wakati mji umekosewa ni sawa na anayefuta maji sakafuni huku bomba liko wazi. Saa ikirudi miaka mingi nyuma kila umeme ukikatika, hapo siyo mji, ni ile betri ndogo ndani, ina umbo la kifungo cha koti, badilisha. Kurasa za mtandao zikikataa kufunguka zikidai hazikuamini, angalia tarehe kabla hujatukana mtandao. Na mteja akikwambia ana miadi na watu wa ng'ambo, muulize: saa ya nani? Muulize hata kama amekasirika. Hilo la mwisho nililijua kwa kuteseka, na sasa nawasimulia.

Mnamkumbuka dada Melania, binti wa shangazi Agripina. Mwuguzi. Alikuwa anafanya kazi hospitali ya Peramiho, na jioni alikuwa anajifunza Kijerumani kwa sista mmoja mzee ambaye, Melania akikosea neno, alimfanya alirudie mpaka ng'ombe wa jirani walijua. Alitaka nafasi ya kwenda kusomea na kufanya kazi kwenye hospitali moja Ujerumani. Walimkubalia hatua za mwanzo zote. Kukabaki moja: mahojiano kwa video, Jumatatu, saa tatu asubuhi kwa saa za Ujerumani. Na walimwandikia wazi, asiyetokea nafasi yake inapewa mwingine, na wengine walikuwepo wengi. Shangazi alikuwa anasali novena. Melania alikuwa hali chakula. Simu yake kioo kilikuwa kimepasuka kiasi kwamba ukiongea naye kwa video unamwona mara nane, kwa hiyo mahojiano yangefanyika dukani kwetu, mashine ya dirishani, ile yenye kamera.

Baba mdogo alifanya hesabu mapema, mwezi wa tisa. "Ujerumani wako nyuma yetu kwa saa moja. Saa tatu kwao, saa nne kwetu." Ilikuwa kweli. Mwezi wa tisa ilikuwa kweli.

Ila mahojiano yalikuwa Jumatatu ya mwisho wa Oktoba. Na Jumapili yake, siku moja tu kabla, Wajerumani wote walirudisha saa zao nyuma. Kuanzia hapo wako nyuma yetu kwa saa mbili. Saa tatu kwao ikawa saa tano kwetu. Hakuna aliyetuambia. Nani angetuambia, na wao wanaona ni kitu cha kawaida kama kupaka siagi kwenye mkate?

Mtasema, si mashine ilikuwa na kalenda? Ilikuwa nayo. Mwaliko wa Wajerumani ulikuwa ndani ya kalenda, na mashine yenyewe ikageuza saa yao kuwa saa ya hapa, ikaandika saa nne. Ila "hapa" kwa mashine ile ni Kairo! Misri nao walikuwa wamerudisha saa zao wiki ileile. Kwa hiyo mashine ilisema ukweli mtupu kuhusu Misri. Na siku ya Ijumaa, iliporudi nyuma kama kawaida yake, baba mdogo aliisukuma kwa mkono ilingane na saa ya ukutani. Hesabu yake ikasema saa nne. Kalenda ikasema saa nne. Vitu viwili vikakubaliana, na vyote vimekosea. Hebu niambieni, hapo mtu unajitetea vipi?

Jumatatu ile mimi nilikuwa nimerudishwa nyumbani na mwalimu wa nidhamu nikanyoe nywele. Nikaona kinyozi hakimbii, nikapitia dukani kuangalia. Melania alikuwa ameshakaa, blauzi nyeupe imenyooka kama karatasi. Baba mdogo amefukuza wateja wote. Ikafika saa nne. Kioo kikatuonyesha sura ya Melania na maandishi ya kusubiri wenyeji wa mkutano.

Tukasubiri. Melania akatabasamu kwa kamera, kwa tahadhari. Akaendelea kutabasamu. Tabasamu likachoka, likaanguka.

"Labda wamechelewa," nikasema.

"Wajerumani?" akasema Melania.

"Labda mtandao," akasema baba mdogo, akaenda kuinua kile kiboksi cha intaneti juu, akasimama nacho kama padre aliyeinua monstransi altareni. Robo saa. Nusu saa. Hakukishusha.

Melania akasimama, akachukua mkoba. Hakulia, na afadhali angelia.

"Wameshampa mwingine," akasema. "Wangeniambia tu. Baba mdogo, shusha mikono, asante. Zamu yangu inaanza mchana, wagonjwa hawajui habari za Ujerumani."

"Ngoja kidogo, mwanangu."

"Nimengoja mwaka mzima."

Akatoka kwenda stendi kupanda gari la Peramiho. Baba mdogo akakaa kwenye kiti chenye ufa, akaangalia ukuta. Mimi kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuwa na mzaha. Nikakaa mbele ya mashine nikiwa sina hata la kufanya, nikaacha ule ukurasa wazi kwa sababu kuufunga kulikuwa kama kufunga jeneza.

Saa tano kamili kioo kikawaka. Mama mmoja mwenye nywele fupi za kijivu, na bwana mmoja ana kikombe kikubwa cha chai. Wamechangamka, wamependeza, wamewahi.

"Habari za asubuhi," yule mama akasema kwa Kiingereza. "Melania?"

Nikajiangalia. Sare ya shule, nywele kama shamba lisilopaliliwa.

"Hapana," nikamjibu. "Mimi ni ndugu yake."

Baba mdogo aliruka mpaka kiti kikamfuata. Akaisoma saa ya ukutani, akasoma kioo, akanong'ona, "Hawa wametoka wapi saa hizi?" Na hapohapo ikanijia. Nikamwambia, "Baba mdogo, saa! Wamebadilisha saa! Mfuate Melania, gari la Peramiho haliondoki mpaka lijae!" Simu yake tulipiga, imezimwa. Baba mdogo akatoka mbio na ndala moja, nikasikia anamwita Saidi wa bodaboda kwa sauti ambayo haijawahi kusikika mtaa ule.

Nikabaki mimi na Wajerumani wawili.

Kiingereza changu mnakijua. Niliwaambia Melania anakuja. Wakasema sawa. Niliwaambia yuko karibu sana. Wakasema sawa. Yule bwana akaangalia saa yake ya mkononi, nami nikaona hapa nisipoongea nafasi inaondoka. Nikawaeleza yote. Nairobi, Kairo, mto Nile, Herode, Familia Takatifu, kalenda. Nilichora kwenye karatasi nikawaonyesha kwenye kamera. Nikawaambia dada yangu alikuja mapema kwa saa nzima, alikaa hapa na blauzi nyeupe, nyinyi hamkuwepo, ameondoka kwenda kwa wagonjwa wake. Yule mama aliacha kuandika. Akauliza, "Kwa hiyo sisi ndio tuliochelewa?" Nikasema, "Kwa saa ya Songea, ndiyo, mama, mmechelewa sana." Yule bwana akacheka chai ikamwagika.

Huku nyuma gari lilikuwa limeshaondoka stendi. Saidi alilifukuzia mpaka karibu mji unaisha, akalipita, baba mdogo akashuka akasimama katikati ya barabara na mikono juu. Dereva akafunga breki, abiria wakatoa vichwa madirishani.

"Mzee, mke amekukimbia?" mmoja akapiga kelele.

"Saa ndiyo imekimbia!" baba mdogo akajibu. "Melania! Shuka, wamekuja!"

Melania hakuamini. Konda ndiye aliyembebea mkoba chini, akimwambia, "Dada, nenda, mtu hawezi kuvaa ndala moja kwa uongo."

Aliingia dukani na vumbi mpaka kwenye kope. Nikampisha kiti. Akavuta pumzi, akawasalimia kwa Kijerumani, na mimi nikatoka nje. Mimi na baba mdogo na Saidi tukasimama barazani, hakuna anayemtazama mwenzake. Tulisikia sauti yake tu. Mwanzo inakwama, kisha inatembea, kisha, baada ya muda mrefu, tukasikia watu watatu wanacheka.

Baba mdogo akatazama chini kwenye mguu wake mtupu.

"Weka hiyo Nairobi," akaniambia. "Mashine zote. Ila usiitamke humu ndani."

Nikaweka. Nikawasha na ile ya kujirekebisha kwa intaneti, nikaziapdeti zote, za dirishani na za ukutani, bando likaisha, na hakusema neno. Kwa hiyo mnaporithi duka hili mnarithi saa zilizonyooka, na mkizivuruga nitatoka ustaafuni.

Melania aliipata ile nafasi. Aliondoka mwaka uliofuata, na sasa ni mwuguzi kwenye wodi ya wazee huko kwenye baridi yao. Hupiga simu Jumapili. Oktoba iliyopita alipiga amekasirika kweli, sauti imekauka. Alikuwa zamu ya usiku, usiku uleule wanaorudisha saa nyuma, na saa nzima ya usiku, kati ya nane na tisa, inarudiwa mara mbili. Zamu inarefuka, mshahara wa uvumilivu hakuna.

"Kuna bibi mmoja hapa wodini hapati usingizi," akatuambia. "Akaniuliza saa ngapi. Nikamwambia saa nane na nusu. Nikazunguka wodi nzima, nikabadilisha mashuka, nikatoa dawa, saa nzima ikapita. Akaniuliza tena, binti, saa ngapi? Nikaangalia ukutani. Saa nane na nusu. Nikamwambia. Akanishika mkono, akanitazama kwa huruma, akasema, 'Mwanangu, nenda ukalale.'"